Fizi za Mzee Kassiani

Jino la kwanza la mzee Kassiani lilitoka katikati ya chakula cha mchana, Jumapili, mbele ya wageni wawili aliokuwa ametoka nao kanisani. Alikuwa anatafuna nyama ya mbuzi. Akasimama ghafla, akatia vidole kinywani, akavuta jino zima, refu, la njano, mzizi wake umegandwa na kitu cheusi kama masizi ya sufuria. Alilitazama kwa muda. Kisha akalitupa miguuni mwa mkwe wake, Séverine, aliyekuwa ameinama kuwamiminia wageni maji ya kunywa.

"Haya, okota," alisema. "Si ndicho ulichokuwa unakitafuta?"

Wageni wakakodolea sahani zao macho. Séverine aliweka jagi chini.

"Baba, mimi jino lako nitalifanyia nini?"

"Unajua mwenyewe."

Jonas, mume wa Séverine na mtoto wa mwisho wa mzee Kassiani, alikuwa amekaa palepale mkekani. Hakunyanyua uso. Aliendelea kutafuna taratibu, kama mtu aliye peke yake, na kutafuna kule kulimuuma Séverine kuliko maneno ya mzee.

Huo ulikuwa mwaka wake wa tano kwenye ile nyumba, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitano ambao mzee Kassiani alimwita kwa jina lake. Alimwita "yule wa Katumba". Ni kweli Séverine alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi ambayo wazazi wake walifikia wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni kutoka Burundi. Alisoma hukohuko, akapata komunio ya kwanza hukohuko, na siku wazazi wake walipoapa kuwa raia wa nchi hii, yeye alikuwa mstari wa mbele na watoto wa shule, akiimba mpaka sauti ikamkauka. Kwa mzee Kassiani hayo yote hayakuwa kitu. Mkonongo yule, mwenyeji wa mkoa huu tangu mababu, alikuwa amelima tumbaku tangu ujana wake, akajenga nyumba ya bati kijijini Mwamkulu kabla wenzake hawajafyatua tofali, akahamia kwenye mpunga miguu ilipoanza kuchoka. Jonas alipokuja kumwambia kwamba amepata mchumba Katumba, alikokuwa akipeleka abiria kwa pikipiki, mzee alijibu neno moja: "Tafuta mwingine." Jonas hakutafuta. Mzee hakwenda posani, alikwenda mjomba wa Jonas. Siku ya ndoa alikuwa shambani anafukuza ndege.

Séverine naye hakuwa malaika. Aliona mapema kwamba upole haumsaidii, akauacha. Asubuhi akifagia uwanja alianzia upande wa barabara, ili vumbi limfikie mzee kwenye kigoda chake. Akitumwa maji ya kuoga alipeleka ya moto mno au ya baridi mno. Waliishi hivyo, kila mmoja akimtafutia mwenzake pa kumchomea, na mama mkwe, Kasilda, akipita katikati yao na vyombo vyake bila kusema lolote.

Kinywa cha mzee kilikuwa kimeanza kuharibika muda mrefu kabla ya lile jino. Kwanza ilikuwa harufu. Watu waliokaa naye benchi moja kanisani walianza kusogea kidogokidogo, na yeye aliyekuwa anasoma masomo ya misa kwa sauti ya kuamuru akaanza kusema kifua kinambana, wasome wengine. Alipozungumza alifunika mdomo kwa kiganja. Ili kuua ile harufu akaongeza tumbaku. Nyuma ya nyumba alikuwa na tuta lake dogo la tumbaku, la matumizi yake mwenyewe. Alikausha majani juu ya bati, akasokota kwenye vipande vya daftari, akavuta tangu kunapopambazuka. Meno ya mbele ya chini yakaanza kuachana kama nguzo za uzio wa zamani. Akapaka shabu. Akapaka majivu ya tumbaku yenyewe. Akasukutua kwa chumvi ya mawe mpaka ulimi ukababuka. Yote hayo yalimpa nafuu ya jioni moja, kesho yake hali ileile.

Baada ya lile jino la Jumapili, alisafiri mpaka kijiji cha Mamba kwa ndugu yake mmoja, na huyo ndugu akampeleka kwa mtu anayesifika kwa kuona yaliyofichwa. Alirudi na kichupa cha dawa nyeusi na maneno ambayo hakuyaficha. Aliyatamka uwanjani, kwa sauti, Séverine akiwa anapepeta mchele.

"Nimeambiwa anayenimaliza ndiye anayenishikia sahani."

Séverine aliacha kupepeta. "Umetaja mtu, baba?"

"Nimetaja sahani."

Kuanzia siku ile mzee hakula chakula cha Séverine mpaka Kasilda au Jonas aonje kwanza. Alikuwa akikaa na sahani mapajani anamwangalia muonjaji kooni, aone kama kinashuka. Séverine alikuwa anasimama mlangoni akitazama hayo, mikono kiunoni, na ndani ya moyo wake alikuwa akiomba yale meno yatoke yote, moja baada ya jingine, yamwache mzee na mdomo mtupu kama mfuko. Hakuona haya kuomba hivyo.

Kisha fizi za Séverine mwenyewe zikaanza kutoka damu.

Alikuwa na mimba ya pili, imeshaonekana. Asubuhi moja alipiga mswaki, akatema, povu likawa jekundu. Alipojitazama kwenye kioo cha pikipiki ya Jonas aliona fizi zimevimba katikati ya meno, nyekundu, zinang'aa. Aligusa kwa kidole, damu ikachuruzika. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba yule mtu wa Mamba ametupa kitu na kimempata. Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini aliwaza. Na kwa kuwa mswaki ndio uliokuwa ukitoa damu, aliacha mswaki. Akawa anasukutua maji tu. Damu haikukoma. Sasa ilimtoka hata akila muwa, hata akilala. Aliamka na ladha ya chuma mdomoni.

Alikuwa akitemea nyuma ya choo na kufukia kwa unyayo. Mzee alimwona hata hivyo. Alitokea na msokoto wake kidoleni, akasimama, akatazama mchanga uliochafuka, na uso wake ukakunjuka kwa furaha.

"Kasilda!" aliita. "Kasilda, njoo uone! Sumu imemrudia mwenyewe!"

Katika mkoa huu neno kama hilo halibaki uwanjani. Kufikia mwisho wa wiki lilikuwa limefika kwenye bomba la maji, na wanawake waliokuwa wanapiga soga wakamwona Séverine anakuja, wakanyamaza na kuinama kwenye ndoo zao. Mmoja aliosha mdomo wa bomba mara baada ya Séverine kuchota, mbele ya macho yake. Kwenye msiba wa jirani alifika na sinia la wali kama wanavyofanya watu; likapokelewa, likawekwa pembeni, na jioni akarudishiwa limejaa vilevile, wali umekauka juu. Mwanamke aliyemrudishia alisema tu, "Leo watu hawakuwa na njaa." Watu waliokuwa wamepiga foleni na sahani mchana kutwa.

Njiani kurudi nyumbani, sinia kichwani na mwanawe Dorice ameshika kanga yake, Séverine alihesabu moyoni wanawake aliowahi kusikia habari zao, walioanza kwa kunyooshewa kidole na kuishia kuchomewa nyumba. Alipofika alimkuta Jonas anasafisha pikipiki.

"Nyie mnasubiri nini?" alimuuliza. "Mnasubiri waje na mapanga ndipo useme baba ameongopa?"

"Baba ni mgonjwa," Jonas alisema. "Ukimjibu anazidi."

"Sijakuuliza habari ya baba. Nimekuuliza habari yako."

Jonas alichovya kitambaa kwenye maji, akaendelea kufuta tangi.

Mzee ndiye aliyekwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Alitaka mke wa Jonas arudishwe kwao, na mtoto abaki. Balozi wao, Telesphor, alikuwa mtu wa makamo, muuza mbolea, asiyependa kesi. Aliita kikao uwanjani kwake, asubuhi, wakaja watu wengi kuliko waliohitajika. Mzee Kassiani alizungumza kiganja kikiwa mdomoni. Alieleza jino lilivyotoka bila kuoza, jinsi mengine matatu yanavyocheza sasa hivi, jinsi alivyoambiwa Mamba, na jinsi mtuhumiwa mwenyewe anavyotema damu kwa siri.

"Mimi sitoki damu hata tone," alisema. "Fizi zangu kavu. Yeye ndiye anayevuja. Nani kati yetu mwenye dhambi?"

Watu waliguna. Telesphor akamgeukia Séverine. "Mama Dorice, unasemaje?"

Séverine alisimama.

"Nasema twende hospitali," alisema. "Leo. Mimi na yeye. Wampime, na mimi wanipime. Wakikuta sumu kwa yeyote kati yetu, nipelekeni polisi na mimba yangu hii. Wasipokuta, asimame hapahapa aniombe radhi mbele ya hawahawa."

"Hospitali hawajui mambo haya," mzee alidakia.

"Unaogopa nini, baba? Mgonjwa ni wewe."

Kuna mtu alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomsukuma mzee. Hangeweza kuonekana anaogopa mbele ya mkimbizi. Alikubali, ila alikataa kupanda chombo kimoja naye. Jonas akampakia baba yake kwenye pikipiki. Séverine na Telesphor wakafuata kwa bajaji, vumbi la wale wa mbele likiwaingia puani mpaka mjini.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu, mzee mwisho huu, Séverine mwisho ule. Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi, amefunga ushungi chini ya kofia yake ya kazi, jina lake Hadia. Alikuwa amechoka na hakujisumbua kulificha hilo. Alimlaza mzee kwenye kiti, akawasha taa, akamwambia afungue mdomo. Telesphor na Jonas walisimama mlangoni kama mashahidi. Séverine alisimama nyuma yao.

Daktari Hadia alichukua kijiti cha chuma chembamba, akakipitisha pembeni ya jino, kati ya jino na fizi. Kilizama. Akahamia jino la pili, kikazama zaidi. Akashika jino jingine kwa vidole viwili, akalitikisa, likaenda mbele na nyuma.

"Mzee, unavuta tumbaku?"

"Navuta yangu, sijamwomba mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu sijaoa."

"Na meno unasafishaje?"

"Kwa mti. Tangu utotoni."

"Mti si mbaya. Hebu nioneshe unavyofanya." Alimpa mswaki mpya, mkavu. Mzee akausugua kwa hasira kwenye meno ya mbele, kulia kushoto, mara kadhaa, akaurudisha. "Na huku nyuma? Na ndani, upande wa ulimi?"

"Huko nani anaona?"

Daktari alichukua kioo cha mkononi, akakishika ili mzee ajitazame, na kwa ncha ya chuma akabandua kitu nyuma ya meno ya chini. Kilitoka kigamba kigumu, cheusi upande mmoja, akakiweka kwenye pamba.

"Huu ni ukoga. Ukikaa siku moja mbili ni laini, mswaki unautoa. Ukiachwa unakuwa jiwe. Hili jiwe limejenga mpaka chini ya fizi, limekaa na wadudu wake, na fizi inalikimbia. Ikikimbia, mfupa ulioshika jino unalika nao. Jino lako ni zima, halina tundu, lakini halina kitu cha kulishika. Ndiyo maana linatoka bila kuoza."

"Mbona sitoki damu?"

"Tumbaku hiyo. Inaminya mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Mwenzako fizi zikiumwa zinavimba, zinatoka damu, anashtuka anakuja. Za kwako zinaumwa kimyakimya. Unaona ziko kavu unadhani nzima, kumbe chini nyumba inabomoka."

Mzee aliketi, akatupa kitambaa cha kifuani. "Nimelishwa sumu," alisema. "Nimekuja kupimwa sumu."

Daktari Hadia alimtazama Telesphor, kisha Jonas, kisha akamwona Séverine nyuma yao na akaelewa.

"Mzee, sumu gani hiyo inayopita mdomoni, ikala mifupa ya meno, ikaacha tumbo na maini?"

"Wewe huijui."

"Ninachojua ni hiki. Hapa hapana sumu. Hapa pana uchafu na tumbaku."

Séverine aliona shingo ya mzee inavyojaza mishipa. Ndipo alipoelewa jambo ambalo hakuwahi kulifikiria miaka yote ile. Mzee alikuwa radhi arogwe. Mtu anayerogwa ni mtu wa maana, ana vitu vya kuonewa wivu. Lakini kuambiwa mchafu, na mwanamke, mbele ya balozi na mbele ya yule wa Katumba! Hilo asingemsamehe mtu yeyote.

"Na huyu je?" mzee alipiga kelele, akimnyooshea kidole. "Mpime na huyu! Huyu anatema damu kama mbwa aliyegongwa!"

"Nilikuwa nasubiri zamu yangu," Séverine alisema, akaingia.

Alilala kwenye kile kiti. Daktari alimwangalia kwa muda mfupi zaidi. Kijiti cha chuma hakikuzama. Alimuuliza mimba ina miezi mingapi, na kama alikuwa anatoka damu kabla ya mimba, na kama anapiga mswaki.

"Nimeacha. Nikipiga natoka damu."

"Ndipo ulipokosea. Ujauzito unafanya fizi zivimbe kwa ukoga kidogo tu. Wajawazito wengi sana hupatwa na hili. Sasa ukiacha mswaki, ukoga unaongezeka, fizi zinavimba zaidi, damu inazidi. Hujalishwa sumu wewe, wala hujamlisha mtu. Nitakusafisha leo. Kisha asubuhi na usiku kabla ya kulala unapiga mswaki, wenye nywele laini, unauinamisha pale jino linapokutana na fizi, unasugua polepole, mbele na nyuma. Damu itakuja siku za mwanzo. Usiiogope, endelea."

Alimsafisha. Ilikuwa na maumivu madogo na mate mengi, na mkwaruzo uliosikika mpaka kwenye masikio. Alipoteremka alipitisha ulimi nyuma ya meno yake, akaona ni laini kama ndani ya kikombe.

Mzee Kassiani alikubali kung'olewa meno mawili yaliyokuwa yanamnyima usingizi. Alichomwa ganzi, yakatoka kwa urahisi uliomtisha hata Jonas. Kusafishwa chini ya fizi, ambako ndiko kulikokuwa tiba yenyewe, alikataa. Daktari alimwambia kwamba yaliyobaki bado yanaweza kuokolewa, kwamba atamgandua lile jiwe upande mmoja leo na upande wa pili akirudi, kwamba bila kuacha tumbaku kazi yote itakuwa bure. Walimpima na sukari, kwa sababu kisukari nacho huharibu fizi, ilikuwa sawa. Alisikiliza yote pamba ikiwa mdomoni, kisha akatoka nje bila kuaga, akamwamuru Jonas awashe pikipiki.

Jioni Telesphor aliwaambia waliokuwa wamejaa kwake yale aliyoyasikia kwa masikio yake. Alisema hakuna sumu. Alisema ni ugonjwa wa fizi. Watu walikuwa wanamsubiri mzee aseme.

"Yule daktari amenunuliwa," mzee alisema, maneno yakimtoka kwa taabu kwa sababu ya ganzi. "Wanajuana. Mrundi mwenzake."

"Daktari ni mtu wa hapahapa mjini, baba yake ana duka la nguo," Telesphor alisema.

"Basi amenunuliwa na nguo."

Séverine hakulia. Alisimama palepale alipokuwa amesimama asubuhi.

"Sawa," alisema. "Nyie mmesikia wote. Radhi sijaombwa. Kuanzia leo huyu mzee hatakula kitu nilichopika mimi. Sio aonjewe kwanza. Hatakula. Asije akafa kwa tumbaku yake nikaambiwa ni ugali wangu."

Alitimiza. Alijenga mafiga yake upande wa pili wa uwanja, akapika chake, cha Jonas na cha mtoto. Kasilda akarudi kumpikia mumewe, mgongo ukimuuma. Fizi za Séverine zilitoka damu kwa siku kadhaa kama alivyoambiwa, aliendelea kupiga mswaki huku akitema mekundu, hadharani sasa, katikati ya uwanja, mzee akimwona. Kisha wekundu ukapungua, ukakoma. Wanawake wa bombani walimwona ametulia na meno yake, mmoja akaanza kumsalimia, wa pili akafuata. Yule aliyeosha bomba alimuuliza ni mswaki wa aina gani. Séverine alimwambia aende akaulize hospitali. Hakutaka urafiki wao wa ghafla.

Aliyemshangaza ni Kasilda. Asubuhi moja mama huyo alimfuata kwenye mafiga yake, akachuchumaa, akafungua mdomo bila salamu. Fizi zake zilikuwa nyekundu pembezoni.

"Zinatoka damu tangu nimzae Jonas," alisema. "Nilidhani ni uzee. Nioneshe ulivyooneshwa."

"Na mzee akikuona?"

"Akiniona ataniona."

Séverine alimwonesha. Baadaye alimsindikiza kusafishwa mjini. Njiani Kasilda hakusema chochote juu ya yaliyopita. Hakusema pole, hakusema mwanangu nisamehe. Séverine alikuwa amesubiri maneno hayo, na yalipokosekana alikasirika upya. Mwanamke huyu alionja chakula chake sahani baada ya sahani, akijua ni kizuri, na hakuwahi kusema ni kizuri.

Mzee aliendelea na tumbaku yake mpaka wakati wa kuvuna mpunga, ndipo shavu lilipovimba, jicho likafunga, usaha ukamtoka kwenye fizi na homa ikampanda hata akaweweseka. Jonas alimpeleka kwa daktari yuleyule. Safari hii hakubisha. Lilipasuliwa jipu, akapewa dawa, na homa iliposhuka akarudi kusafishwa, upande mmoja, kisha upande wa pili. Alipoteza meno mengine kadhaa. Yaliyosalia yalishika. Tuta la tumbaku nyuma ya nyumba aliling'oa mwenyewe. Alisema ni kwa sababu kuku walikuwa wanaliharibu. Kila alfajiri alikwenda na mswaki na kikombe nyuma ya zizi, ambako alidhani hakuna anayemwona.

Séverine alikuwa ameshajifungua mtoto wa kiume, Egide, na alikuwa amemwambia Jonas kwamba yeye anahamia Ilembo, mjini, na Jonas atachagua kumfuata au kubaki kwa baba yake. Walipanga chumba na sebule huko. Mzee aliwaambia majirani kwamba amewafukuza.

Kwenye ubatizo wa Egide alikuja. Kasilda ndiye aliyemleta. Aliketi chini ya turubai, amenyoa, mdomo haunuki tena, anaongea bila kuufunika. Watu waligawiwa pilau. Séverine aliweka kando ile radhi asiyoombwa na kiapo chake cha kutompikia, kwa siku ile tu, akachukua sahani kwa mkono wake mwenyewe na kumpelekea, kwanza yeye kabla ya wazee wengine.

Mzee aliipokea. Akaitazama. Kisha akamgeukia Kasilda, akamsogezea sahani.

"Onja," alisema.

Séverine alinyoosha mkono, akaichukua ile sahani mapajani mwa mzee.

"Basi kaa na njaa, baba," alisema.

Kabla hajageuka Jonas alikuwa ameshafika. Alimpokonya mkewe sahani, akaketi chini mbele ya baba yake, magoti yakigusana, akaanza kula. Alikula haraka, kwa matonge makubwa, bila kunawa, akimtazama mzee machoni, mpaka akafuta sahani kwa vidole. Baadaye mzee alimwambia Kasilda kwamba anataka kwenda nyumbani, na ikabidi atafutiwe bajaji, kwa sababu mwanawe hakujitolea kumpeleka.

Usiku, wakati wanakunja turubai, Jonas alikuwa akimwangalia mkewe kama anayesubiri kitu. Séverine alikuwa anasugua masufuria. Alijua anachosubiri, neno la shukrani. Miaka yote ile, sahani zote zile, na amefungua mdomo leo, tena kwa kula.

"Nishikie hapa," alimwambia, akampa upande wa sufuria kubwa, wakaliinua pamoja kumwaga maji.